Akikwambia "Jiongeze", Mwombe Akuandikie

Mwezi huu barua za wachumba na mawifi nimeziweka kando, zitasubiri. Kuna barua imenikaa rohoni tangu nilipoifungua, na kila nikizungumza na kina mama wa sokoni naona kuwa yaliyomo si ya mtu mmoja.

Aliyeandika ni mdogo wetu anayefuata nguo za watoto Nairobi na kuziuza Arusha. Basi lao lilifika mpakani jioni, konda akawa anawakimbiza, na mtu mmoja aliyevaa kizibao kama cha ofisa akamwambia, "Mama, foleni ndefu hiyo, wewe pita, utagonga ukirudi." Akapita. Mbele huko, usiku, wakakuta kizuizi. Askari akapanda na tochi, akafungua pasi yake, akamshusha. Akaambiwa atalala mahabusu na kesho yake atafikishwa mahakamani kama mhamiaji haramu. Alipoanza kulia, yule askari akashusha sauti: "Dada, jiongeze." Akatoa pesa yote ya mtaji. Aliporudi kwenye kiti, abiria wenzake wakamwambia amshukuru Mungu, ameponea chupuchupu.

"Dada," anauliza, "ningefanya nini? Na safari ijayo nifanye nini, maana biashara nyingine sina?"

Mdogo wangu, pole sana. La kwanza, acha kujilaumu. Ulikuwa peke yako, usiku, nchi ya watu, na mbele yako amesimama mtu mwenye silaha na sare ya serikali. Kilichofanyika pale ni wizi, na mwizi ni yeye. Wanaosema "ndiyo utaratibu, kila mtu anatoa" siwakubalii hata kidogo. Kila noti inayotoka pale kizuizini inampangia bei msichana atakayepita kesho akiwa na pesa kidogo kuliko wewe.

Sasa tuzungumze safari ijayo. Askari wa namna ile ana vitu viwili vya kukushikia: haraka yako, na karatasi usiyokuwa nayo. Karatasi ndiyo tuanze nayo, maana kazi yake inafanyika kabla hujafika kwake.

Sisi Watanzania tukienda Kenya tunahitaji pasi ya kusafiria au hati ya dharura inayotolewa na Uhamiaji. Wasomaji wangu wa Kenya, nyinyi mmezoea kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, jambo lililoanza mwaka 2014, lakini Tanzania haimo kwenye mpango ule. Mkija huku njooni na pasi au hati ya muda, msije na kitambulisho peke yake mkitegemea huruma ya mtu.

Pale Namanga, tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi na Marais Magufuli na Kenyatta Desemba 2018, msafiri anasimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Utaratibu ni huo huo Holili na Taveta, Horohoro na Lunga Lunga, Sirari na Isebania. Ukitoka Tanzania unapita majengo ya Tanzania, unaingia jengo la upande wa Kenya, na humo ndani unakuta ofisa wa Tanzania anayekugongea kutoka na wa Kenya anayekugongea kuingia. Ukirudi, yote mawili yanafanyika upande wa Tanzania. Kwa hiyo kila ukivuka, pasi yako lazima itoke kwenye jengo lile ikiwa na mihuri miwili mipya. Usiondoke dirishani bila kuifungua na kuisoma: tarehe ni ya leo? Siku ulizopewa ni ngapi? Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza Julai 2010, raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita ya kukaa kama mgeni, bila ada ya viza. Ukipewa siku chache, ziandike mahali uzione, kwa sababu siku moja ya ziada ndiyo atakayoitafuta mtu mwenye tochi.

Muhuri wenyewe hauna bei. Ukiambiwa kuna "hela ya wino" au "hela ya kuharakisha", muulize kwa upole inalipiwa dirisha gani na risiti inatoka wapi. Na yule wa kizibao, wadogo zangu, yule ni kishoka. Wako kila mpaka, wana lugha tamu, wanajua majina ya makonda, na wengine wanakuita mama mkwe. Pasi yako isishikwe na mtu yeyote asiyekaa nyuma ya dirisha, hata kama ni kwa dakika moja. Konda naye umwambie mapema, wakati unapanda, siyo wakati basi linanguruma: "Kaka, mimi sivuki bila kugonga, naomba mnisubiri." Chukua namba yake ya simu. Ukiona kampuni ina tabia ya kuacha abiria mpakani, badilisha kampuni. Na kama kuna basi la asubuhi, panda la asubuhi, hata ikibidi ulale kwa shangazi usiku wa kuamkia safari.

Kuna mitego midogo ambayo nitaipitia haraka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinaweza kuulizwa mpakani, na wapo wanaokigeuza geuza na kusema miaka kumi imepita, kimekufa. Si kweli. Kuanzia tarehe 11 Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho kinadumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kilitolewa kabla ya hapo. Ila uchanje mapema, kwa sababu kinaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Mtego mwingine ni mfuko wa rambo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Adhabu iliyotangazwa Kenya inafika shilingi milioni nne za huko au kifungo cha hadi miaka minne, na mtu anayetaka kukutisha anaanza na hiyo milioni nne. Viatu vyako vifunge kwa khanga, uache rambo nyumbani. Pesa nazo: kubeba fedha za kigeni si kosa. Unatakiwa kutoa tamko forodhani ukibeba dola 10,000 au zaidi, au thamani yake, na mtaji wa wengi wetu haujafika huko. Ukiambiwa kizuizini kwamba shilingi za Kenya ulizobeba ni kosa, jua unatafutwa.

Kwenye mzigo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapojiponza wenyewe. Kuna mpango wa biashara ndogo za mpakani ambao wengi hawautumii. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, zinavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili ambacho maofisa wa forodha wanakitoa pale pale mpakani. Mama wa vitunguu, mama wa mchele, mama wa vikapu, hicho ni cha kwenu, kiulizeni. Lakini, mdogo wangu wa nguo, nguo iliyotoka China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu uliinunua Eastleigh. Hiyo unailipia ushuru unaostahili, unapewa karatasi ya forodha, na karatasi hiyo unaibeba pamoja na risiti ya duka hadi mlangoni kwako. Najua inauma. Ila mzigo uliolipiwa unakupa kauli moja kubwa barabarani: "Afande, mzigo umekaguliwa na umelipiwa, karatasi hizi hapa." Polisi wa kizuizini anaweza kuukagua, lakini kukadiria ushuru si kazi yake. Ofisa wa forodha ndiye anayekadiria, na malipo yanakwenda serikalini.

Njia za panya sitaki hata kuzizungumza sana. Bodaboda atakwambia anavusha robota lako porini kwa nusu ya bei, na pengine atalivusha. Lakini kuanzia hapo hadi nyumbani wewe ni mtu wa kuminywa na kila atakayekusimamisha, na huna pa kwenda kulalamika, kwa sababu bidhaa za magendo zinataifishwa kisheria. Wanawake wengi niliozungumza nao wanapigwa zaidi huko kuliko kwenye jengo la mpakani. Fedha wanayokamuliwa kwa mwaka ingelipa ushuru na chenji ikabaki.

Haya, tuseme karatasi zako zote ziko sawa na bado umeshushwa. Wengi wetu hapo tunakosea kwa kusema sana. Tunajieleza, tunalia, tunataja mjomba aliye wizarani. Shuka polepole. Salimia kwa heshima: "Habari ya kazi, afande." Akiwa mtu mzima, shikamoo haikupunguzii kitu. Mpe kile alichoomba na hicho tu. Akitaka pasi, mpe pasi, usimkabidhi pochi nzima. Na jamani, noti isikae ndani ya pasi wala ndani ya leseni. Wapo wanaoiweka wakidhani wanarahisisha mambo. Kwa sheria zote mbili, ya Tanzania ya mwaka 2007 na ya Kenya ya mwaka 2016, anayetoa rushwa ana kosa kama anayepokea, na askari huyo huyo anaweza kukugeuzia kibao akisema ulimhonga.

Kisha uliza swali moja: "Naomba kujua kosa langu ni lipi." Akilitaja, lirudie kwa sauti ya kawaida ili uwe umelisikia vizuri. Halafu sema maneno ambayo ningependa myakariri: "Kama nimekosa, naomba uniandikie, nikalipe kihalali nipewe risiti." Ukishayasema, nyamaza. Ukimya utakuelemea, utatamani kuujaza kwa maneno au kwa kufungua mkoba. Usifungue. Mkono ukishaingia kwenye mkoba, ameona kwamba mnazungumza bei.

Akizidi kukuzungusha, piga simu mbele yake, kwa adabu, bila kumwelekezea kamera usoni. Simu ikielekezwa usoni inaleta ugomvi, na inaweza kukuletea kosa jingine, hasa karibu na mpaka. Mpigie mtu wako na useme asikie: "Niko kizuizi cha mahali fulani, saa fulani, nimeshushwa, niko na afande mwenye namba hii." Kenya, sheria ya polisi inamtaka askari aliyevaa sare awe na jina au namba inayoonekana, na raia hakosei kuisoma. Huyo mtu wako nyumbani awe na picha ya pasi yako na ya tiketi tangu asubuhi. Akisema twende kituoni, kubali, lakini kituoni kweli, penye mkuu wa kituo na kitabu cha taarifa. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24; zikiisha nje ya saa za mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Wanaotafuta pesa ya haraka hawapendi kituo, kwa sababu kituoni kuna maandishi.

Na kama kosa ni la kweli? Muhuri kweli huna, siku kweli zimezidi? Basi kosa ni lako na adhabu ni yako, lakini ilipwe serikalini. Tanzania, faini ya barabarani inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Kenya, malipo ya huduma za serikali yanapitia eCitizen. Ukiambiwa uweke fedha taslimu kama dhamana, unapewa risiti, na fedha hiyo hurudishwa kesi ikiisha. Suala la muhuri linamalizwa na ofisa wa Uhamiaji, kwa hiyo omba upelekwe kwake. Ni usumbufu, basi litakuacha, utalala njiani. Mimi bado ningechagua usumbufu huo kama mahali pana usalama, na ningependa mfanye hivyo.

Neno kuhusu ule mchango wa ndani ya basi. Konda anapita na kofia: "Wazee, trafiki kasema elfu mbili mbili, tusilale hapa." Kila mtu anatoa, na asiyetoa anasemwa. Abiria hahusiki na kosa la dereva. Mkiwa wanawake watano mnaofahamiana mkasema hapana kwa pamoja, kofia inapita. Ukiwa mmoja unazomewa. Ndiyo maana nasema msafiri pamoja, mkae viti vya karibu, mshuke pamoja. Akishushwa mmoja, wawili wanashuka naye na kusimama hatua chache pembeni, kimya, wakiangalia. Hawahitaji kusema neno.

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu kuna jambo barua nyingi hazilitaji na zikilitaja zinalificha katikati ya sentensi. Si kila askari wa namna hii anataka pesa. Wapo wanaosema, "Huna hela? Basi njoo tuzungumze ndani ya gari." Mdogo wangu, hiyo ni rushwa ya ngono, na sheria ya kuzuia rushwa ya Tanzania inaitaja waziwazi, kifungu cha 25. Usiingie kwenye gari binafsi. Usiingie kwenye chumba au kibanda ambacho mlango wake unafungwa. Kaa penye mwanga, karibu na basi, na paza sauti yako watu wakusikie. Akitaka kukupekua mwilini, sheria za mwenendo wa jinai za nchi zote mbili zinasema mwanamke anapekuliwa na mwanamke, kwa staha. Sema hivyo: "Naomba askari wa kike." Kama hayupo, msubirini au mwende kituoni, na vituo vingi vina dawati la jinsia.

Na ikiwa tayari limekukuta, nisikilize vizuri. Hukukosea. Nenda hospitali kabla ya jambo jingine lolote, na ufike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya muda huo, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi siku ya tano, na yenyewe pia wahi. Usioge kwanza kama unaweza, nguo usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Ukiwa Kenya piga 1195, ni bure, na wanasikiliza mchana na usiku. Usiende peke yako, nenda na dada, rafiki, hata jirani. Aliyekufanyia hivyo akiwa askari, una haki ya kushtaki kwenye kituo kingine mbali na chake.

Nisiwadanganye pia. Kuna usiku ambao maneno yote haya hayatafaa: barabara haina mtu, wamelewa, bunduki iko mkononi. Usiku huo toa pesa, uokoe roho yako, uende. Ndiyo maana mtaji wote usikae pochi moja. Pesa kubwa ibaki kwenye simu au benki, na ya safari iwe ndogo, mahali pamoja. Wakikulazimisha kutuma kwa simu, usifute ule ujumbe wa muamala. Jina na namba ya aliyepokea vimo humo, hata kama ni wakala wa duka la jirani, na mchunguzi anaweza kuanzia kwa wakala.

Ukishafika salama, andika yote usiku huo huo, kabla usingizi haujakuchanganyia: mahali, saa, namba ya basi, namba ya askari au sura yake, maneno aliyosema, kiasi, nani alikuwa karibu. Tiketi ihifadhi. Tanzania, TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa 113, na ofisi zao ziko mikoani na wilayani. Tuna pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kenya, tume ya maadili na kupambana na rushwa, EACC, ni 1551, na IPOA, chombo cha kiraia kinachochunguza polisi, ni 1559. Malalamiko ya raia wa nchi jirani wanayapokea. Namba hizi fupi zinashika ukiwa na laini ya nchi husika, kwa hiyo kama umesharudi upande wako, andika barua au nenda ofisi iliyo karibu ueleze kilitokea wapi. Usikubali kuambiwa tu "tumesikia, mama". Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na jina la aliyeipokea, uviandike nyuma ya tiketi ile, na baada ya wiki mbili upige tena kuulizia.